Walijua Wote Isipokuwa Benki

Mama alinifundisha mambo mengi, na mengi nimeyasahau bila kujuta, lakini moja lilinikaa: safari haitangazwi. Unafunga mzigo mlango ukiwa umefungwa. Ukiulizwa unaenda wapi na begi, unasema "hapo tu". Ukifika ndipo unapiga simu useme umefika, na hapo hata mwenye kijicho atafanya nini? Tulikuwa na mjomba aliyetangaza kanisani kwamba Jumatatu anakwenda Uganda kununua ng'ombe. Jumatatu alfajiri tumbo likamshika, hata kutoka chooni akashindwa, na mpaka leo ukoo mzima unajua ni nani aliyemtazama vibaya siku ile ya matangazo. Ng'ombe hakununua. Pesa zenyewe ziliishia kwenye dawa za tumbo.

Hiyo ndiyo imani niliyokwenda nayo Ujerumani, pamoja na sweta mbili. Kule natunza wazee katika nyumba ya wazee, kazi ya kuosha, kulisha na kusikiliza. Ni nchi ya kutangaza. Ukihama chumba hiki kwenda kile, unakwenda ofisini kujiandikisha. Ukitaka kufanya sherehe, unabandika karatasi kwenye ngazi kuwaambia majirani kwamba Jumamosi utapiga kelele. Kuna mzee ninayemwogesha asubuhi ambaye hunitangazia kabla hajainua mkono wa kushoto. Nimewazoea, na wengine nawapenda kabisa, lakini kuna mambo siwezi. Kwa hiyo, wiki mbili kabla ya kuja nyumbani, programu ya benki kwenye simu iliponiuliza kwa heshima zake, "Je, unapanga kusafiri nje ya nchi?", nilibonyeza hapana. Sikusita. Nani anauliza? Anataka kujua kwa nini? Anamjua nani?

Cheka tu. Hata mimi siku zingine nacheka.

Mtu wa pekee niliyemwambia ni Mama. Nilimpigia simu, nikamtajia tarehe na namba ya ndege, naye akashusha sauti kana kwamba mabati yana masikio. "Usimwambie mtu," akasema. Nikasema sawa. Sasa nishukie Mashimoni, mtaa wetu wa mabati Nairobi, Jumapili ile ya kufika, navuta sanduku la magurudumu kwenye njia ambayo haijawahi kuona gurudumu la sanduku, na mwenye kioski cha maji ananipungia mkono: "Karibu, Ujerumani!" Fundi wa viatu akaangalia saa yake. "Si tuliambiwa saa nne? Hii ni saa sita." Mama mmoja ambaye sikumjua hata kwa sura akaninyang'anya mkoba akaniambia nitembee haraka, kuku anapoa. Kanisani nilikuwa nimetangazwa Jumapili mbili mfululizo. Walikuwa wameniombea mpaka na namba ya ndege.

"Mama," nikamwambia tulipobaki wawili, "si wewe ulisema nisimwambie mtu?"

"Nilikuambia wewe," akasema. "Mimi sijasafiri."

Ungemjibu nini?

Pesa ya kwanza nilikuwa nimeitoa kwenye mashine ya uwanja wa ndege, na kadi ilifanya kazi kama kawaida. Mashine iliniuliza kama nakubali bei yake ya kubadilisha pesa au nakataa. Mimi nimelelewa kwamba mtu aliyeshika pesa zako humkatalii kitu mpaka akuachilie, kwa hiyo nikakubali. Nilikuja kujua baadaye kwamba wanaokataa ndio wanaopata bei nzuri. Hata hivyo zilikuwa pesa za kutosha, zingekuwa za kutosha, kama Mama asingekuwa ametangaza. Mtu wa kutoka majuu, huko ng'ambo, hasalimii kwa mkono mtupu. Nilisalimia njia yote, kutoka kioski cha maji mpaka nyuma ya kanisa, na wengine walirudi kunisalimia mara ya pili wakiwa wamebadilisha leso. Kufika Jumatano mkoba wangu ulikuwa na sarafu na kitambaa cha pua. Sikuwa na wasiwasi. Kadi ninayo, na nyuma ya kadi kuna mshahara wa miezi mingi ya kuosha migongo ya Wajerumani.

Jambo moja Mama hakuwa amelitangaza, nalo ni magoti. Kwenye simu kila wiki ilikuwa "niko salama, Mungu ni mwema". Nilikuja kuambiwa na jirani wa mlango wa pili, yule anayekaanga samaki, aliponikuta nje nikipiga mswaki. "Umeona vile mamako anashuka?" akaniuliza. Nikasema sijaona. "Basi amka mapema."

Nikaamka mapema. Kutoka mlango wetu mpaka choo cha ploti, cha wapangaji wote, ni mteremko wa mawe na magunia ya mchanga, halafu ubao juu ya mtaro, halafu mteremko mwingine. Nilimwona Mama akishuka kwa mgongo, yaani ameligeuzia bonde mgongo, ameshika mabati ya nyumba za watu kwa mikono miwili kama anayeteremka ngazi. Kwenye ubao akasimama akangoja. Akangoja mpaka mtu akatokea, akampa mkono. Jirani akaniambia kwamba wakati wa mvua alianguka pale, akakaa kwenye matope mpaka watu wakamsikia.

Niliingia ndani nikalia kwa hasira. Nilikuwa na hasira na yeye, na mtaro, na mimi mwenyewe niliyekuwa nikishika wazee wa watu kwapani kuwavusha mlango wa bafu, huku wa kwangu anashuka kwa mgongo. Mama akarudi akanikuta.

"Nani amekuambia?" ndilo lilikuwa swali lake.

"Unahama," nikasema. "Kabla sijaondoka."

Ndege yangu ilikuwa Jumapili, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Tukavuka kwenda Kawangware, ambako kuna nyumba za mawe, na tukazunguka mpaka viatu vikatushinda. Vyumba vya juu viko tele, lakini mtu wa magoti atapanda ghorofa ya tatu na nini? Saa kumi hivi tukakipata: chumba cha chini, choo ndani, mfereji ndani, mlango unafungukia uani penye sakafu ya simiti iliyonyooka. Mwenye ploti alikuwa Shosho mmoja, yaani bibi kizee, aliyerithi ardhi hiyo tangu ilipokuwa shamba la mahindi, na bado alikuwa ameanika maharagwe yake uani kana kwamba ghorofa zilizomzunguka ni wageni watakaoondoka.

Mama aliingia akafungua mfereji. Maji yakaja. Akaufunga, akaufungua tena kuona kama yalikuwa bahati. Halafu akaenda kwenye choo, akakalia kile kifuniko na nguo zake zote, akashika ukuta, akainuka. Akakaa tena. Akainuka tena. Alitoka pale na uso ambao sikuwa nimeuona tangu nikiwa msichana wa shule.

"Hapa naweza kuzeeka," akasema.

Shosho alisimama mlangoni na ungo wake. "Mami, mimi sipendi maneno mengi," akaniambia. "Kuna watu wengine wameuliza. Nakuwekea mpaka Jumamosi saa sita. Kodi ya mwezi na dipositi, mkononi ama kwa simu. Ikifika saa sita na dakika moja, mimi sikujui."

"Shosho, hata kesho utapata," nikasema, na nilisema kwa sauti ya mtu wa majuu.

Jioni hiyo hiyo Mashimoni yote ilijua kuna choo ndani ya nyumba. Mama alikuwa amekwishapanga kitanda kitakaa wapi. Alikuwa amenunua ufagio mpya, maana kwetu nyumba mpya haiingiwi na ufagio wa nyumba ya zamani. Wanawake walikuja mlangoni kumpa pole na hongera kwa pamoja.

Ijumaa asubuhi nikaenda ATM ya kwanza, pale Kawangware kwenye steji ya matatu. Nikaingiza kadi, nikaandika namba ya siri, nikaomba pesa. Mashine ikafikiri. Ikanitemea kadi na maandishi: wasiliana na benki yako. Nikarudia. Ikanitemea tena. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kupumua.

Askari wa pale, mtu wa makamo mwenye sweta la bluu, akanisogelea. "Siste, nipe niione." Akaitazama kadi mbele na nyuma. "Ni ya majuu hii. Imechoka na safari." Akaipangusa kwenye suruali yake, akaipulizia pumzi, akaipangusa tena, akanirudishia. "Sasa jaribu."

Nikajaribu. Wapi.

"Omba kidogo kidogo," akashauri jamaa wa tatu kwenye foleni. "Usiishtue."

Nikaomba nusu. Nikaomba robo. Nikashuka kama mtu anayebembeleza bei ya nguo za mitumba soko la Toi, mpaka nikafika kiasi cha kununua soda na mkate, na hicho pia nikanyimwa. Watu wakaanza kunionea huruma, jambo ambalo sikuwa nimepanga kwenye safari hiyo.

"Unakaa wapi, siste?" askari akauliza, kwa upole tu.

"Lavington," nikadanganya, nikitaja mtaa wa matajiri. "Kwa rafiki."

Akaitikia kwa kichwa. "Pole sana," akasema. "Msalimie huyo rafiki."

Nikaenda mashine ya pili. Nikaenda ya tatu, kule Barabara ya Ngong, ndani ya duka kubwa lenye baridi kama la Ujerumani, nikidhani labda kadi itajisikia iko kwao. Wasiliana na benki yako. Kufika hapo nilikuwa natembea nikiongea peke yangu. Nikanunua kredo, nikakaa kwenye ukingo wa barabara, nikawapigia simu.

Kwanza walinipigia muziki. Muziki ule ulikula kredo ya kwanza yote, nikanunua nyingine. Kisha akaja kijana mmoja mwenye adabu sana. Nikamweleza. Akagonga gonga kompyuta yake.

"Naona hapa kuna mtu anajaribu kutoa pesa zako Nairobi," akasema.

"Ndiye mimi."

"Lakini wewe hukutuarifu kwamba unasafiri. Uliulizwa, ukajibu hapana. Kwa hiyo kwa mujibu wa mfumo wewe uko hapa Ujerumani."

"Na huyu unayeongea naye?"

"Hilo ndilo tunalotaka kulithibitisha," akasema. "Kwa nini hukutuarifu?"

Jamani. Nilimfikiria mjomba, na ng'ombe, na tumbo. Nilimfikiria yule kijana na vipokea sauti vyake vya masikioni, na karatasi zake anazobandika kwenye ngazi akitaka kufanya sherehe. Ningeanzia wapi? "Nilisahau," nikasema.

Akasema si neno, atatuma tarakimu za uthibitisho kwenye laini yangu, nimsomee, kadi itafunguka sasa hivi. Laini yangu ya Ujerumani ilikuwa Ujerumani. Nilikuwa nimeitoa kwenye simu niweke ya Kenya, na kwa vile ni kitu kidogo na mimi ni mtu mwangalifu, nilikuwa nimeitia kwenye bahasha na bahasha nikaiweka kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko, isije ikapotea safarini. Programu ya benki nayo, ilipoona laini ngeni ndani ya simu, ilikuwa imejifunga yenyewe. Nikamwambia. Akasema basi kuna njia nyingine: watanitumia barua.

"Wapi?"

"Nyumbani kwako. Hapa. Siku chache za kazi."

"Niko na mamangu," nikasema. "Anahitaji chumba kesho saa sita." Nilijisikia sauti ikipanda, na sikuweza kuishusha. "Ni pesa zangu!"

"Ndiyo," akasema, "na tunakulinda."

Sikumtukana. Nataka hilo lijulikane. Kredo iliisha kabla sijaanza.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angeomba. Nilimwandikia rafiki yangu wa kazini kule, lakini alikuwa zamu za usiku, mchana analala simu imezimwa, na jibu lake nililipata Jumapili nikiwa kwenye foleni ya ndege: "Ungesema mapema." Mapema! Na pale Mashimoni penyewe, jirani wa samaki alikuwa na pesa. Nilijua anazo, maana alikuwa amepokea za chama cha akiba wiki hiyo hiyo. Jioni ya Ijumaa nilitoka kwetu nimeamua. Nilikuwa na maneno yangu yote. Nikasimama mlangoni pake, mafuta yanachemka, naye akaniangalia kwa muda mrefu.

"Sema," akaniambia.

Mtu wa majuu akiomba pesa Mashimoni ni kama mchungaji aombe sigara. Wiki nzima nilikuwa nimesalimia watu kwa noti. Midomo ikafunguka, na kilichotoka ni: "Unaweza kunisaidia na chumvi kidogo?"

Akanifungia chumvi kwenye kikaratasi. "Hakuna kingine?" akauliza.

"Hakuna," nikasema. Tulikuwa na chumvi nyumbani, pakiti nzima.

Mama sikumwambia. Nilijidanganya kwamba kompyuta hupumzika usiku na asubuhi huamka na roho nzuri. Jumamosi saa mbili nilikuwa ATM tena, na yule askari alinifungulia mlango, akageuka akatazama barabara ili nisione kwamba ananiona. Wasiliana na benki yako.

Saa tano na nusu tukafika kwa Shosho. Mama alikuwa amevaa nguo za kanisa na amebeba ufagio mpya mkononi, bado na ile karatasi ya dukani. Hapo getini ndipo nilipomwambia. Nilisema haraka haraka, kadi, benki, laini, droo. Alinisikiliza huku ananiangalia mdomo.

"Waliuliza kama unasafiri?" akasema.

"Waliuliza."

"Na ukawanyima?"

"Wewe si ndiye ulinifundisha!" nikasema, na mara ile ile nikatamani kulirudisha lile neno mdomoni.

Mama aliutazama ufagio. "Ulifanya vizuri," akasema taratibu. "Usiwaambie watu mambo yako."

Shosho nilimpa hata pasipoti aishike mpaka Jumatatu, ndege ya kesho iniache ikitaka. Aliigeuza geuza, akaifungua kwenye picha, akalinganisha na uso wangu. "Sasa hii nitaila?" akasema, na hakusema kwa ubaya. "Mami, hata mimi nina watoto huko nje. Najua. Lakini watu wako hapo." Na kweli walikuwapo, bwana na bibi vijana, wamekaa kwenye ndoo za rangi kando ya maharagwe. Saa sita ilipofika yule bwana akatoa simu yake. Tukasikia ya Shosho ikilia kwenye aproni.

Nilidhani Mama atageuka tuondoke. Badala yake akawaendea wale vijana akawaamkua. "Maji ni mazuri," akawaambia. "Nimeyajaribu." Halafu akampa yule bibi ufagio. "Fagieni kwanza kabla hamjaingiza kitu."

Tulirudi polepole. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu, kioski cha maji, kwa sababu njia ya kwetu lazima ipite pale na Jumamosi wanawake wote wako kwenye foleni na mitungi yao. Niliwaona kwa mbali, nao wakatuona. Jirani wa samaki alikuwamo.

"Haya, mnahama lini?" mmoja akaita. "Tulete mkokoteni?"

Nikafungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Kuhama wapi?" akasema, na akaiweka mikono kiunoni. "Nimekataa. Nimeingia mle ndani, naona jiko liko hapa, choo kiko hapa. Hapa! Mtu anapika, mwenzake anajisaidia, ukuta ni mmoja. Hayo ni maisha? Huyu binti alikuwa ametoa pesa tayari, amezishika hivi, nikamwambia rudisha, mimi si mchafu. Amelia, lakini nimekataa."

Wanawake wakaangaliana. "Woi," mmoja akasema. "Kweli hiyo si maisha."

"Si maisha," wakasema wengine.

Jirani wa samaki akaniangalia, kisha akainama kuinua mtungi wake. Tulipofika kwetu Mama akafunga mlango, akakaa kitandani, akayashika magoti yake kwa mikono miwili. "Usimwambie mtu," akaniambia. Safari hii nilijua kwamba hata yeye hatamwambia mtu.

Nilitua Ujerumani Jumatatu. Kabla sijavua koti nikafungua droo ya jikoni, nikairudisha laini, na simu ikaanza kutetemeka mezani. Zilikuwa nyingi. Tumeona jaribio la kutoa pesa Nairobi. Je, ni wewe? Tumeona jaribio jingine. Je, ni wewe? Nikazijibu moja moja: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilipomaliza ya mwisho wakanishukuru kwa ushirikiano wangu, na kadi ikafunguka.

Jioni hiyo hiyo nikamtumia Mama kwa simu pesa za vyumba viwili. Nikampigia Shosho, akaniambia kuna mpangaji mwingine wa chini anahama mwisho wa mwezi, chumba kama kile kile, na mfereji wenye nguvu zaidi. Nilimpigia Mama nikicheka. Yeye hakucheka.

"Haiwezekani," akasema.

"Kwa nini? Pesa si zimeingia?"

"Zimeingia. Lakini nimeshawaambia watu choo cha ndani ni uchafu. Nikihamia leo si watajua?"

"Watajua nini?"

"Kwamba siku ile hukuwa na pesa."

Nilimpigia kelele. Nilimwambia wajue! Wajue, watangaze, waniimbie wimbo! Mimi nina shida gani? Nilimbembeleza, nikamtishia, nikamwambia habari za mifupa ya wazee, ambayo ndiyo kazi yangu na naijua. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Wewe ni mtoto wangu," akasema. "Hawatakucheka nikiwa hai." Chumba kilichukuliwa na mtu mwingine, na baada ya hicho, kingine pia.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nilimpigia simu jirani wa samaki, nikamwambia ukweli wote kwa pumzi moja. Kwamba kadi ilikataa. Kwamba ile chumvi haikuwa chumvi, nilikuja kuomba pesa nikashindwa. Kwamba Mama hakukataa chumba, alinifunika. Nikamwomba awaambie wanawake wote wa kioskini, ili jambo liishe na Mama ahame.

"Sisi tulijua," akasema. "Tangu Ijumaa ile. Yule askari aliyekupangusia kadi kwa suruali anakaa hapo mtaa wa Raila, ni wa kanisa letu. Si yeye alikuombea na namba ya ndege? Alituambia ulisema unakaa Lavington, tukacheka mpaka tukalia. Tulikuwa tumeanza kuchanga. Nikakungojea mlangoni kwangu uombe, ukaomba chumvi."

"Kwa nini hamkumwambia Mama kwamba mnajua?" nikauliza.

"Tumwambie?" akasema. "Mtu mzima amesimama kioskini amemfunika mtoto wake, halafu sisi tumfunue? Watu watasemaje?"

"Lakini anashuka pale kila siku," nikasema. "Magoti yale."

"Hashuki peke yake. Mimi ndiye namshika mkono asubuhi." Nilisikia mafuta yake yakichemka. "Tukifika kwenye ubao ananielezea vile choo cha ndani ni uchafu. Namwambia ni kweli."